Kipimo cha "vifuko" vya saratani ya kongosho: nikilipie?

Swali: Daktari, baba yangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya kongosho. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye ini. Nasikia kuna kipimo cha damu kinachotafuta vifuko vya saratani. Niko Ahero. Nikilipie?

Jibu: Pole sana kwa msiba, dada.

Vifuko hivyo vipo kweli. Seli za mwili humwaga vijifuko vya utando, vingi vikiwa na upana wa nanomita 30 hadi 150. Vikipangwa mstari, mia kadhaa huenea kwenye upana wa unywele mmoja. Kila kifuko hubeba protini na vipande vya jeni vya seli iliyokitoa, kwa hiyo cha seli ya saratani huweza kuisaliti.

Hata habari ya ini la mzee imo humu. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa panya kwamba vifuko vya saratani ya kongosho humezwa na seli za Kupffer, walinzi wa kinga walio kwenye ini, nazo huliandaa ini lipokee saratani. Shamba linalimwa kabla mbegu haijafika. Nikilifikiria hilo huwa nashtuka.

Mwaka huo huo wanasayansi wa Houston, Marekani, waliripoti kwamba protini ya glipikani-1 kwenye vifuko iliwatenga wagonjwa na wazima karibu bila kosa. Waliojaribu baadaye kwingine hawakupata uhakika ule. Seli zisizo na saratani nazo humwaga vifuko, hasa chembe sahani zinazogandisha damu. Damu yako ikitolewa Ahero na chupa itikiswe kwenye boda mpaka Kisumu, chembe hizo zitamwaga vingine njiani, na mashine itavihesabu vyote.

Kwa hiyo usilipie. Bado ni kazi ya utafiti. Hata CA 19-9, alama ya saratani ya kongosho inayopimwa kwenye damu, haifai kumpima asiye na dalili: hupanda pia mawe yakiziba njia ya nyongo, na wako watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa.

Uliza nyumbani kwanza. Kama kuna jamaa mwingine wa damu upande wa baba aliyeugua kongosho, au saratani ya matiti au ovari imejirudia kwenye ukoo, omba rufaa ya kuonana na daktari bingwa. Hapo picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku, huweza kuwa na maana. Na ukiona macho ya manjano, mkojo kama strungi, kinyesi kilichopauka, maumivu ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni, au mtu wa miaka zaidi ya 50 akipata kisukari ghafla huku anakonda, usikubali miezi ipite kwa dawa za vidonda vya tumbo. Dai picha ya tumbo wiki hiyo hiyo.