Umefilisika Marekani? Anza na ripoti yako ya mikopo

Sisi tulifikishwa mahakamani na bili za hospitali. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wakati bima ya kazini imekatika, na kadi za mkopo tulizokuwa tunanunulia chakula zikajaa. Tukafungua kesi ya kufilisika chini ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ya huku, na baada ya miezi kadhaa madeni yakafutwa. Nayaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa huku, maana wengi wananipigia simu kwa sauti ya chini, wakidhani maisha yameishia hapo.

Habari inayowatisha ni ile ya miaka 10. Ni kweli, Sura ya 7 inaweza kukaa kwenye ripoti ya mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi unavyokopa na kulipa, miaka 10 tangu siku ya kufungua kesi. Sura ya 13, ile ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, kwa kawaida huondolewa baada ya miaka 7. Lakini hukai miaka yote hiyo mikono mitupu. Uzito wa doa hilo unapungua kadiri malipo mapya mazuri yanavyoongezeka, na mkopo wa nyumba wa FHA, ule unaowekewa bima na serikali, unaweza kuuomba miaka 2 baada ya madeni kufutwa chini ya Sura ya 7, mradi mengine yamekaa sawa.

Kwa nilivyoona, kinachowaumiza watu zaidi ni kutoisoma ripoti. Kampuni tatu zinazoandaa ripoti hizo, Experian, Equifax na TransUnion, kila moja ina faili lako, na mafaili hayo hayafanani. Deni lililofutwa linatakiwa lionyeshe salio sifuri na maelezo kwamba liliingia kwenye kesi ya kufilisika. Kwenye faili letu moja, kadi ya duka ilikuwa bado inaandikwa kila mwezi kuwa imechelewa, na salio lake lote lipo. Benki ikiona hivyo, inakuhesabu mtu aliyefilisika ambaye hata leo halipi. Nilichapisha ukurasa ule, nikauzungushia kalamu mstari wenyewe, nikaambatanisha nakala ya amri ya kufuta madeni pamoja na orodha ya wadai kutoka kwenye jalada la kesi. Orodha ni muhimu, kwa sababu amri yenyewe haiwataji wadai kwa majina. Nikaituma kampuni yenye faili hilo kwa barua ya rejista. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza, na mstari ule ulirekebishwa. Ripoti ni bure kwenye AnnualCreditReport.com. Anayekuambia umlipe akufutie kufilisika kulikotokea kweli anakuibia.

Baada ya hapo chukua kadi ya kuwekea amana. Unaweka, tuseme, dola 200, wanakupa kadi yenye kikomo hichohicho. Sisi tuliipa kazi moja tu, bili ya simu, na kuilipa yote kabla bili ya kadi haijafungwa, kwa sababu salio la siku hiyo ndilo linaloripotiwa mara nyingi. Kwenye alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji wengi hukupimia, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Pesa unazotuma nyumbani kila mwezi, hata usipokosa, hazihesabiwi popote.

Barua za wauza magari zitakuja haraka. Kesi ni rekodi ya wazi, na wanajua huwezi kufutiwa madeni tena kwa Sura ya 7 mpaka ipite miaka 8 tangu ulipofungua ile ya kwanza. Soma riba kabla hujafurahia neno «umekubaliwa».

Kuna jambo linaloniuma, nalo ni wadhamini. Huku tunadhaminiana sana: binamu anakusainia gari, shemeji anakusainia nyumba ya kupanga. Sura ya 7 inakufutia wewe, mdhamini anabaki na deni lote, na wakusanya madeni wanahamia kwake siku hiyohiyo. Nimeona ndugu wasioamkiana mpaka leo kwa sababu mmoja aligundua kesi kwa simu ya mkusanya madeni. Sura ya 13 inaweza kumkinga mdhamini wa deni la matumizi ya nyumbani wakati mpango wa malipo unaendelea. Kwa hiyo muulize wakili hilo kabla hujasaini chochote, kisha mpigie huyo ndugu simu wewe mwenyewe.