Picha safi, lakini mguu haukanyagiki

SWALI: Asalam aleikum daktari. Mume wangu alianguka mkarafuuni, mguu ukanasa kwenye panda ya tawi. Alipigwa picha, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Wiki ya tatu sasa anachuliwa kwa mafuta ya nazi, lakini hakanyagi na uvimbe wa juu ya mguu hautoki. Tuendelee? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa aleikum salam, dada yangu. Msiendelee hata leo, na mguu huo asiukanyage.

Hiyo panda ndiyo iliyonishtua. Maungio ya katikati ya mguu yana jina la Lisfranc, mpasuaji wa Ufaransa wa zama za Napoleon, na jeraha la maungio hayo linasimuliwa tangu enzi za askari wa farasi: mtu anaanguka, mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko la farasi. Mwili unakwenda, mguu unabaki. Mumeo yamemkuta yayo hayo.

Mfupa mrefu wa kidole cha pili umechomekwa kama kabari baina ya wenzake, na kano moja nene ndiyo inayoufunga upande wa kidole gumba. Kano hiyo ikikatika, pengine mifupa yote mitano huhamia nje, pengine mmoja au miwili tu, pengine wa kidole gumba hwenda ndani na mingine nje. Gari likikupita juu ya mguu, au ukikosea ngazi vidole vimejikunja, huwa vivyo hivyo.

Sasa hiyo “picha safi”. Alipigwa amelala, sivyo? Bila ya uzito mifupa hujirudia mahali pake, na jeraha takriban moja katika kila matano hupita bila kuonekana siku ya kwanza. Arudi, aombe picha ya kusimama, miguu yote miwili pamoja. Nafasi ikizidi milimita 2 penye kabari ile, hapo pana jeraha. Kama hawezi kusimama, aombe siti skani (CT scan), picha ya mashine inayoonyesha mifupa kwa undani zaidi.

Wachuaji wananiumiza moyo. Kila uvimbe kwao ni “kateguka tu”, kisha wanavuta na kukanda. Kano iliyokatika haiungwi kwa mafuta! Niliwahi kufungua kitambaa cha manjano na chumvi kwenye mguu wa kijana. Katikati ya unyayo damu imevilia, rangi ya biringani. Alama ile peke yake ilitosha kumleta hospitali siku ile ile, naye alikuja mwezi wa tatu, uvungu wa mguu umeshalala.

Nanyi mnaopanda mikarafuu: aliyeanguka mgeuzeni unyayo mtazame. Maumivu yakizidi usiku na vidole vikafa ganzi, msingoje asubuhi.