Msanii Asiyeona Aitwe Lini Kwenye Ujenzi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati inayojenga maktaba ya kata yetu. Michoro ya awali iko tayari, ina mteremko wa viti mwendo na choo kipana. Mchongaji vinyago mmoja asiyeona ameomba ashirikishwe, lakini msanifu majengo wetu anasema atamwita jengo likikamilika ili alikague. Je, inatosha? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Haitoshi. Kumwita wakati huo ni kumsumbua bure, kwa sababu mambo anayoyajua yeye ndiyo yasiyorekebishika kwa urahisi zege likishakauka: urefu wa dari, mwangwi wa ukumbi, mahali upepo unapoingilia, na aina ya sakafu itakayomjulisha mwenye fimbo nyeupe kwamba ameacha ujia na kuingia chumba cha kusomea. Mteremko na choo ni haki ya watu, navyo msanifu yeyote makini huvipima kwa futi kamba. Msanii huitwa kwa ajili ya yale ambayo futi kamba haiyafikii.

Uingereza kuna mradi uitwao The DisOrdinary Architecture Project, ulioanzishwa na Zoe Partington, msanii mwenye uoni hafifu, pamoja na Jos Boys, aliyesomea usanifu majengo. Mradi huo huwapeleka wasanii wenye ulemavu katika vyuo vya usanifu wakafundishe, si wakahurumiwe, na hilo ndilo linalonivutia kuliko mengine yote.

Msanifu wenu huenda akauliza mtu asiyeona atasomaje michoro. Mmarekani Chris Downey, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 2008 akiwa tayari msanifu majengo, husoma michoro iliyochapwa kwa mistari iliyotuna na huongeza mawazo yake juu yake kwa nyuzi za nta. Ninyi mna bahati zaidi, maana wenu ni mchongaji: mpeni udongo, alifinyange jengo mwenyewe.

Hata hivyo, msimbebeshe mtu mmoja mzigo wa kuwasemea wote. Anayetumia kiti mwendo hutaka ukingo wa njia ulingane na barabara, ilhali asiyeona huutegemea ukingo huohuo kujua barabara inapoanzia. Siku hizi mvutano huo hupunguzwa na vigae vya nundu, ambavyo Mjapani Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965 na vikatandikwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Viziwi nao huhitaji ujia mpana, ili wawili waweze kutembea sambamba huku wakizungumza kwa alama.

Mlipeni mchongaji huyo kwa mkataba, kama mnavyomlipa fundi umeme. Kisha, kabla ya kikao cha kwanza, mpelekeni siku ya mvua kwenye jengo lolote la jirani lililoezekwa kwa bati bila dari, mahali ambapo sauti zote anazozitegemea humezwa na kishindo, mkamwulize maktaba yenu iezekwe vipi. Nahisi swali hilo halijaulizwa bado.