Jedwali la Krejcie na Morgan kwa mahojiano ya walimu

Mwalimu, umeuliza kama jedwali la Krejcie na Morgan, lile linaloonyesha ukubwa wa sampuli kulingana na idadi ya watu unaowachunguza, likupe idadi ya walimu wa kuwahoji kwenye utafiti wako. La, usilitumie kwa mahojiano. Lilitolewa mwaka 1970 kwa ajili ya tafiti za hojaji zenye sampuli nasibu (watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu), ndiyo maana ukiwa na walimu 100 linakudai 80. Ukimhoji kila mmoja saa nzima, utabaki unanakili rekodi mpaka mahafali yakupite!

Katika utafiti wa kimaelezo (qualitative), kama huu wako wa mahojiano, unaangalia pale majibu yanapoanza kujirudia. Watafiti Guest, Bunce na Johnson (2006) walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta mada nyingi zimeshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Sasa wengi wameigeuza 12 kuwa sheria, na si sheria: washiriki wale walifanana sana. Wewe ukichanganya walimu wa darasani wa Kampala na walimu wakuu wa Kasese, kila kundi lihesabie peke yake.

Kwenye pendekezo lako la utafiti weka makadirio, mathalani 12 hadi 15 kwa kila kundi, halafu ueleze utakavyotambua kwamba hakuna jipya tena. Msimamizi aking'ang'ania jedwali, mwonyeshe makala hiyo ya 2006.