Maswali ya masika: waipa zinazolia na kioo kisichotakata

Mvua zikianza, barua zote huwa ni za waipa. Leo tuzimalize.

Fundi, nimebadilisha waipa mara mbili na bado zinalia na kurukaruka kwenye kioo. Ninunue za kampuni gani? (Msomaji, Tabata)

Usinunue kitu. Waipa mpya zikilia mara mbili mfululizo, mkosaji ni kioo. Kimejaa utando wa mafuta: moshi wa dizeli, nta ya shampuu ya magari, na polishi ya dashibodi ambayo vijana wa kuosha magari huipaka kwa kitambaa hichohicho wanachofutia kioo. Mwagia maji safi uone. Yakitandaa sawasawa, kioo ni safi. Yakijikusanya matone huku na kukimbia kule, kuna mafuta. Changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo na lita moja ya maji, sugua kwa sponji laini, suuza mpaka povu liishe, kisha rudia. Raba nayo ifute kwa kitambaa chenye spiriti. Usiiguse kwa petroli wala mafuta ya taa; itavimba na kulegea.

Zikiendelea kuruka, tazama pembe ya mkono wa waipa. Washa waipa, na zikifika katikati ya kioo zima gari kwa ufunguo. Chungulia kutoka ubavuni: raba inatakiwa isimame wima juu ya kioo. Ikiwa imelalia upande mmoja, itafuta vizuri ikienda na kuruka ikirudi. Hapo mkono umepinda, mara nyingi kwa kuvutwa ovyo wakati wa kuosha. Chomoa bledi (ile fremu yenye raba), tandika taulo nene juu ya kioo, zungushia mkono kitambaa, ushike kwa spana ya kurekebisha na uupinde kidogo sana. Rudisha bledi, jaribu, pinda tena kama bado. Hiyo taulo si mapambo. Springi ya mkono ina nguvu, na mkono usio na bledi ukichoropoka ukapiga kioo, utanunua kioo.

Inaacha mistari ikifuta.

Mstari mwembamba: raba imechanika au imenasa mchanga, pitisha kidole uone. Eneo pana kama kiganja lisilofutwa: mkono haukandamizi, springi imechoka au kiungo chake kina kutu. Ukungu wa maji kioo kizima: soma jibu la Tabata.

Nimeambiwa nipige raba msasa itafuta kama mpya. Kweli?

Kwa siku mbili tatu. Ukingo wa raba umekatwa kwa ukali na mara nyingi umepakwa grafaiti ili uteleze. Msasa unaondoa vyote viwili.

Gari langu linatumia waipa inchi ngapi?

Gari gani? Tumeshaomba mara ngapi mtaje aina ya gari na mwaka? Basi chukua futi, pima bledi zilizopo, zote mbili, maana ya dereva na ya abiria mara nyingi hazilingani. Usikubali muuzaji akuwekee ndefu zaidi "ili zifute eneo kubwa". Zitagongana au zitapiga fremu ya kioo.

Na kama fremu ya bledi haijalegea, nunua raba peke yake. Magari mengi ya Kijapani yanachukua raba ya upana wa milimita 6, lakini nenda na ya zamani mkononi. Vyuma viwili vyembamba vya ndani vihamishie kwenye raba mpya, mkunjo wake ufuate mkunjo wa kioo, na upande wa raba wenye vishimo vya kufungia uingie kwenye kucha za mwisho za fremu. Ukikosea hapo, raba itachomoka mvua ikiwa kali.

Maji ya waipa hayarushi, ila pampu nasikia inanguruma. (Msomaji, Dodoma)

Pampu ni nzima, basi. Fungua boneti uangalie kama mpira wa kupitisha maji umechomoka. Kama upo, uchomoe karibu na matundu ya kurushia na ubonyeze swichi: maji yakitoka, tundu limeziba, lizibue kwa pini nyembamba. Yasipotoka, uchafu uko kwenye kichujio cha pampu chini ya tenki. Kinachoziba ni sabuni ya unga mnayomimina humo, na maji ya kisima yenye chumvi. Lita 5 za maji safi na matone machache ya sabuni ya maji yanatosha. Tenki likiwa tupu usibonyeze. Pampu hupozwa na maji hayohayo.

Na kwa ninyi wa kwenye vumbi: usiwashe waipa kioo kikiwa kikavu. Mchanga ule unachora alama za upinde, na alama ikishanasa kucha, polishi haiiondoi.

Asubuhi kioo kinapata ukungu. Nikiongeza AC unazidi. (Msomaji, Tanga)

Pitisha kidole kwa ndani. Ukungu usipofutika, uko nje: hewa ya pwani yenye unyevu inagusa kioo ulichokipoza. Washa waipa, punguza ubaridi, elekeza upepo miguuni. Ukungu ukiwa wa ndani, fanya kinyume: AC ibaki imewashwa kwa sababu inakausha hewa, upepo uelekeze kwenye kioo, na hewa iingie kutoka nje badala ya kuzunguka ndani. Ukungu wa ndani wenye mafuta na harufu tamutamu ni kulanti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye hita. Huo ni wa gereji.

Waipa ya abiria imegoma, ya dereva inafanya kazi.

Nati imelegea. Zima waipa kwa swichi yake ili mota irudi mahali pake pa kupumzika. Bandua kifuniko kwenye shina la mkono, fungua nati, chomoa mkono, safisha meno kwa brashi ya waya, panga mkono usawa wake, kaza. Nati ikiwa imekaza na mkono bado unacheza, meno yameliwa, badilisha mkono. Zikigoma zote mbili na mota inasikika, linki (vyuma vinavyounganisha mota na mikono) imechomoka. Kimya kabisa: anza na fyuzi, na uweke ya ampia zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Anayekuwekea waya badala ya fyuzi anakuchomea gari.

Nikipaka tumbaku ya sigara kwenye kioo naweza kusafiri bila waipa?

Mpaka gereji ya karibu, mvua ikiwa nyepesi. Si Morogoro.