Maswali ya Wasomaji: Mlinzi Asiye na Mkataba

SWALI: Ndugu Mshauri, niliapishwa kuwa wakili mwaka jana na kwa sasa ninajitolea katika kliniki ya msaada wa kisheria inayohudumia walinzi, wafanyakazi wa majumbani na vibarua wa viwandani hapa Dar es Salaam. Hivi karibuni alikuja mzee mmoja aliyelinda ghala kwa miaka mitatu bila mkataba wa maandishi, akilipwa kila mwisho wa mwezi kwa simu, kisha msimamizi akamwambia asirudi tena. Alipofika kwetu zilikuwa zimeshapita siku 41. Naona kama nitamdanganya nikimwambia kwamba ana kesi. Isitoshe, amenidokeza kwamba mwajiri akimpa hata mshahara wa mwezi mmoja ataupokea na kwenda zake, jambo linaloniuma. Je, nimfungulie shauri, na nimzuie asipokee kiasi hicho?
Wakili kijana, Temeke

JIBU: Msomi mwenzangu, mzee wako ana kesi, na huenda ni nzuri kuliko unavyodhani. Kinachomtia hatarini ni kalenda, wala si mkataba. Hata hivyo naanza na mkataba, kwa kuwa ndio unaowatisha mawakili wengi wageni katika kazi hii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwika mwajiri wajibu wa kuandika na kutunza maelezo ya ajira, na akishindwa kuyatoa shauri linapofunguliwa, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa. Nayo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo imeweka vigezo kadhaa ambavyo kikithibitika kimoja tu, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: kwa mfano, kwamba saa zake za kazi zilipangwa na mwingine, kwamba alipewa vitendea kazi, au kwamba alifanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Mlinzi anayekesha getini hufikisha saa hizo kabla wiki haijaisha.

Kwa hiyo usimuulize mkataba uko wapi, swali ambalo bila shaka ameshaulizwa kila ofisi aliyopita na ambalo humfanya ajione yeye ndiye mkosaji. Mwombe aweke mezani kila alichonacho, kisha mkae na simu yake. Jumbe za miamala zenye jina la mtumaji, tarehe na kiasi kilekile, zikijirudia mwezi baada ya mwezi, ni ushahidi ambao mwajiri mwenyewe ameuandika bila kukusudia. Zipigeni picha kabla simu haijaharibika. Muulize ni nani aliyempokea zamu asubuhi, daftari la kuingia na kutoka linatunzwa na nani, sare na tochi alipewa na nani na alizirudisha lini. Asipoikumbuka tarehe, mkumbushe mwezi wa Ramadhani, shule kufunguliwa au masika yalivyoanza, na tarehe itapatikana.

Sasa kalenda. Kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007 zinataka mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA kama sote tunavyoiita, ndani ya siku 30, ilhali migogoro mingine ina siku 60 tangu ilipozuka. Wapo wanaoona siku 41 wakafunga jalada zima, na huko ni kumnyima mteja haki ambayo bado anayo. Yatenganishe madai yake. Ikiwa hakulipwa mshahara wa mwezi wa mwisho, dai hilo bado limo ndani ya muda na lipelekwe wiki hii hii. Dai la kuachishwa ndilo lililochelewa kwa siku 11, nalo litahitaji maombi ya kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2 na hati ya kiapo, pamoja na fomu ya mgogoro CMA F.1.

Katika maombi hayo Tume hupima urefu wa ucheleweshaji, sababu zake, uwezekano wa kushinda na madhara kwa upande wa pili. Siku 11 si nyingi, lakini kila mojawapo inahitaji maelezo, na kusema kwamba mzee hakuijua sheria hakutamfikisha mbali. Mdadisi kwa upole. Ikiwa msimamizi alikuwa akimwambia asubiri bosi arudi safari, na iandikwe nani alisema hivyo, lini na mbele ya nani. Huenda hata tarehe ya kuanza kuhesabu ikabadilika, kwa kuwa kanuni zinatambua pia tarehe ambayo mwajiri alitoa uamuzi wake wa mwisho. Kiapo hicho kiandike kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo ya mahakama na mabaraza yetu. Kumwapisha mzee juu ya kurasa za Kiingereza asizozielewa ni tabia ambayo nimeichoka.

Ama kumzuia asipokee fedha, hapo sikubaliani nawe. Shauri ni lake, na kodi ya chumba inayomsubiri ni yake pia. Usuluhishi hutangulia, ukishindikana huja uamuzi, na baada ya hapo upande usioridhika unaweza kuomba marejeo, yaani uamuzi huo upitiwe upya, katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ni haki yake kupima kama ataistahimili safari hiyo. Wajibu wako ni kuhakikisha anachagua akiwa anajua. Chukua karatasi, chora safu mbili. Ya kwanza iwe na stahiki za kawaida: mshahara usiolipwa, likizo asiyoichukua, malipo badala ya notisi ya siku 28, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliokamilisha, ambacho mwajiri huweza kukikwepa akithibitisha kwamba alimwachisha kihalali kwa utovu wa nidhamu. Ya pili iwe na fidia ya kuachishwa isivyo halali, ambayo hutegemea kushinda. Jumlisheni pamoja: siku 28 za notisi na siku 21 za kiinua mgongo cha miaka mitatu tayari zimeuzidi mwezi mmoja anaoutaka, kabla hamjagusa likizo. Akishaiona hesabu hiyo na bado akataka kupokea, mheshimu.

Hata hivyo asipokee fedha kichochoroni. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya msuluhishi ili yaweze kukazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya sheria, mwajiri akikaidi, yataje kiasi, tarehe na njia ya malipo, na yasiseme kwamba amelipwa kabla hajalipwa. Cheti cha utumishi nacho kitajwe humo humo, maana ndicho atakachoulizwa kwenye lindo lijalo.