Mota ya kinu cha kusaga inaweza kuzalisha umeme?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Njombe, kwetu kuna kijito hakikauki hata kiangazi. Niliuza kinu cha kusaga nikabaki na mota ya fezi tatu, kilowati 4, na laini ya TANESCO ya fezi tatu bado ipo. Shemeji anasema nikiizungusha kwa maji itarudisha umeme kwenye laini. Kweli hiyo?

JIBU: Marahaba. Shemeji yako yuko sahihi kabisa. Cheki kibandiko cha mota, kama imeandikwa 1440 hiyo ni mizunguko kwa dakika ikiwa na mzigo kamili, ila usumaku wa ndani unazunguka 1500 kwa sababu umeme wetu ni hezi 50, kwahiyo siku zote mota inaukimbiza usumaku na haiufikii. Sasa maji yakiisukuma mpaka ikaupita, ikafika kama 1560, inaacha kula umeme inaanza kuutoa. Ukiweka klampu mita kwenye waya utaona ampea zinashuka spidi ikipanda, afu pale 1500 zinagoma kwenye 4 hivi, hizo ni za kutengeneza usumaku, mota itazichukua kwenye laini muda wote. Ongeza spidi, zinapanda tena, hapo ndo unazalisha.

Maji je? Mwanguko wa mita 10 na lita 30 kwa sekunde ni kilowati 3 tu, nusu yake ikifika kwenye waya ushukuru.

Mimi naogopa ile dakika umeme unakatika. Mara nyingi laini ikifa na mota inakosa usumaku inakufa, lakini kukiwa na kapasita (vifaa vya kutunza chaji, vinavyoweza kuipa mota usumaku badala ya laini), zako au za jirani, inaweza kuendelea kutoa umeme, transfoma ikaupandisha hadi volti elfu kadhaa huku fundi yuko juu ya nguzo anajua laini imezimwa. Ndugu yangu, huyo mtu atakufa. Na turbaini, yaani gurudumu linalosukumwa na maji, ikikosa mzigo inaweza kukaribia spidi mara mbili, mkanda unaruka. Kwahiyo bila kibali cha TANESCO, rilei ya kukata yenyewe na namna ya kuyatoa maji kwenye turbaini, usiunge. Halafu mita nyingi za LUKU umeme unaorudisha zinauhesabu kama umetumia, utalipia maji yako mwenyewe!

Kama shida ni taa na friji, itenge kabisa na laini, funga kapasita na kontrola inayopeleka umeme wa ziada kwenye hita ya maji. Nitumie picha ya kibandiko tuanze na saizi ya puli.